Mtu Wetu Yumo Ghalani

Mtazamaji wa tamthilia za zombi ana lawama moja inayozidi zote: "Wanaongea tu." Ikishatamkwa, mkono unakwenda kwenye rimoti, na kama rimoti iko kwa mwenye kibanda cha video, benchi zima linapaza sauti: peleka mbele! Ndivyo ilivyo Mchombe na Mngeta, katika Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ndivyo ilivyo Ifakara mjini, na ndivyo ilivyokuwa Marekani kwenyewe mwishoni mwa 2011, pale The Walking Dead ilipoingia msimu wa pili, ikahamia shambani, ikakaa.

Tamthilia hiyo ilianza kurushwa na chaneli ya AMC tarehe 31 Oktoba 2010, ikitokana na hadithi za katuni ambazo Robert Kirkman alianza kuzitoa mwaka 2003. Msimu wa kwanza ulikuwa na episodi sita tu, na haukumpa mtu nafasi ya kupumua. Jiji la Atlanta limejaa maiti zinazotembea, farasi analiwa barabarani, na watu wanajipaka damu na matumbo ya wafu ili wapite katikati yao bila kunuswa. Msimu wa pili ulipofunguliwa tarehe 16 Oktoba 2011, watu wapatao milioni 7.3 walikaa mbele ya televisheni wakisubiri mbio zilezile. Katika episodi ya kwanza binti mdogo, Sophia, anapotea msituni. Mtoto mwingine, Carl, anapigwa risasi kwa bahati mbaya na mwindaji, na kundi zima la manusura linakimbilia kwenye shamba la mzee Hershel Greene, daktari wa mifugo. Baada ya hapo mwendo unapungua. Watu wanamtafuta Sophia, wanarudi bila Sophia, wanapika, wanafua, wanagombana kuhusu bunduki, wanamtafuta tena. Episodi nzima inaweza kuisha huku tukio kubwa likiwa ni zombi mmoja aliyetumbukia kisimani, na ua moja jeupe ambalo mwenzao Daryl amemletea mama wa mtoto ili asikate tamaa.

Wahakiki walilalamika, mashabiki nao wakalalamika. Ila hesabu za watazamaji zinaonyesha kitu kingine: episodi ya mwisho ya msimu huohuo, tarehe 18 Machi 2012, iliangaliwa na watu milioni 9. Waliolalamika hawakuondoka, na wengine walikuja kuungana nao. Tabia hiyo, ya kunung'unika huku umekaa palepale, ndiyo inayochunguzwa katika sura hii, na Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuichunguza kuliko Atlanta. Sababu zake ni mbili: jinsi watu wa hapa wanavyoangalia picha, na jinsi wanavyomfahamu mfu anayetembea.

Kuangalia kwanza. Kibanda cha video, ambacho wengi wanakijua kwa jina la kibanda umiza kwa jinsi watu wanavyobanana ndani, ni chumba cha mabati au mabanzi chenye mabenchi yasiyo na egemeo. Gunia au turubai limezibwa dirishani ili mwanga usiingie, na nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: mechi saa ngapi, muvi saa ngapi. Aliyekaa humo ametoa hela yake mlangoni. Katika bonde hili la mpunga, aghalabu ametoka shambani mgongo ukiuma, na alfajiri anarudi kulekule. Anataka mapigo. Ana staringi wake, na kanuni aliyoirithi tangu enzi za kanda za VHS inasema staringi hafi. Kumwekea mtu huyo dakika arobaini za wazee wakibishana barazani ni kuitia mashakani ile hela aliyoitoa.

Ikumbukwe pia kwamba televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994. Vibanda na deki za kukodi viliziba pengo hilo, na watu wa rika kadhaa wakajifunza kuangalia picha kwa pamoja na kwa sauti, wakimwonya staringi, wakimtukana adui, wakibishana na skrini. Leo king'amuzi kimeingia majumbani, simu ziko mikononi, na kijana wa Mchombe anaweza kupanda gari hadi Ifakara akarudi na sizoni nzima kwenye flashi. Adabu ya kibanda imemfuata hata huko. Anaiangalia na wenzake, na picha ikipoa wanaanza kuongea wao.

Halafu kuna DJ.

Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kote kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa watu waliojenga kazi hii ya kutafsiri filamu kwa sauti Tanzania. Waganda, wanaoita watu wa kazi hiyo VJ, waliiendeleza kwa nguvu katika vibanda vya Kampala. Lufufu alichukua filamu ya Kizungu, ya Kichina au ya Kihindi, akapunguza sauti yake, akaweka ya kwake. Miongoni mwa kazi zake ni Titanic. Hakuwa akifasiri maneno peke yake. Alieleza nani ni nani, akakisia nia za watu, akatania, akaweka methali, akatoa hukumu. Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana alikwenda mbali zaidi: sauti ya VJ Emmie inayosikika katika Who Killed Captain Alex, filamu yake ya mwaka 2010, imekuwa sehemu ya filamu yenyewe, na wengi walioipenda duniani waliipendea sauti hiyo.

Katika picha ya mapigano DJ ni baraka. Katika episodi ya polepole yuko mtihanini. Mwandishi wa tamthilia amemweka mama peke yake ndani ya gari akilisafisha ili mtoto aliyepotea alikute zuri, na hataki mtu aseme neno. DJ naye ameajiriwa kusema. Akinyamaza, mtu wa benchi la nyuma anaweza kudhani spika zimekufa. Basi anaongea: anamtania mama, anamkumbusha mtazamaji yaliyopita, anatabiri yajayo. Anayeangalia tamthilia ya aina hii ikiwa imetafsiriwa hapati polepole ileile iliyopikwa na mtunzi, anapata ya kasi ya mdomo wa DJ. Wako wanaosema hilo ndilo linaloziokoa episodi hizo. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, mara nyingi ndilo linaloziua, kwa sababu mtazamaji ananyang'anywa nafasi ya kuogopa mwenyewe.

Lawama ya "wanaongea tu" ina chanzo kingine ambacho hakuna haki ya kukidharau. Mtazamaji wa Tanzania amewahi kudanganywa. Miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, enzi za diski, filamu nyingi za Bongo ziliuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwa bei yake. Ili hadithi ya diski moja ijae mbili, geti lilifunguliwa taratibu, gari likaingia, likaegeshwa, mlango ukafungwa, ngazi zikapandwa moja baada ya nyingine, na wimbo ukapigwa hadi ubeti wa mwisho huku msichana akiangalia dirishani. Watu walijua wanachofanyiwa. Walisema "wanavuta", na walisema kweli: mwendo huo ulitoka mfukoni mwa msambazaji, hadithi haikuuhitaji.

Sasa, je, AMC nayo ilikuwa inavuta? Kwa kiasi, ndiyo. Msimu wa kwanza ulikuwa wa episodi sita, wa pili ukawa wa kumi na tatu, na ikaripotiwa wakati huo kwamba fedha za kila episodi zimepunguzwa. Julai 2011 Frank Darabont, aliyeileta tamthilia hiyo kwenye televisheni na kuiongoza, aliondolewa, na kazi ikaendelezwa na Glen Mazzara. Darabont alifungua kesi ya mapato mwaka 2013, na mwaka 2021 AMC ikakubali kuimaliza kwa dola milioni 200. Shamba moja linalotumika wiki baada ya wiki ni rahisi kuliko jiji lililoharibiwa, na watu wawili wanaobishana jikoni ni nafuu kuliko maiti mia mbili zinazohitaji kupakwa rangi tangu usiku wa manane. Mtazamaji aliyenusa ubahili alikuwa na pua nzuri.

Ila umaskini wa bajeti ulizaa kitu ambacho fedha hazikuwa zimezaa. Mwishoni mwa episodi ya tano kijana Glenn anachungulia ndani ya ghala la mzee Hershel na kukuta limejaa wafu. Mzee amewafungia humo. Mkewe yumo, mtoto wa kambo yumo, na majirani wamo. Anapompata mwingine kinamasini anamtoa kwa fimbo ndefu yenye kitanzi, taratibu, bila kumuumiza, anamwongoza hadi mlangoni. Mwanamke wa nyumbani mwake huchukua kuku hai, huwavunja miguu wasiweze kukimbia, akawatia kwenye gunia na kupanda juu kuwatupia walioko chini. Kwa Hershel hao ni wagonjwa. Anasubiri dawa ipatikane. Ameishi nao miezi kadhaa, hatua chache kutoka anapolala.

Watazamaji wengi wa Marekani walimwona mzee huyu ni mjinga, na tamthilia yenyewe inaelekea kukubaliana nao. Episodi ya saba, iliyorushwa tarehe 27 Novemba 2011, inamleta Shane, mtu wa haraka kuliko wote. Anampiga risasi zombi aliyeshikwa na Hershel, moja, mbili, tatu, akiuliza ni mtu gani aliye hai angeweza kustahimili hizo. Kisha analivunja kufuli la ghala. Wafu wanatoka mmoja mmoja na wanaangushwa mmoja mmoja, Hershel akiwa amepiga magoti. Kelele za bunduki zinakoma. Ndipo anapotoka wa mwisho, mdogo, amevaa fulana yake ileile. Ni Sophia. Muda wote waliokuwa wakimtafuta msituni alikuwa ghalani, mwendo wa kwenda kuchota maji. Mama yake anakimbia, Daryl anamdaka. Waliokuwa wakipiga risasi kwa ari dakika moja iliyopita wamesimama, silaha zimeelekea chini, mpaka kiongozi wao, Rick, anapopita mbele yao na kuifanya kazi ile mwenyewe.

Bila zile wiki za kumtafuta, mtoto huyu angekuwa zombi mwingine. Episodi zilizolaumiwa kwa kutotokea kitu ndizo zilizomfanya awe mtu.

Hapa Bonde la Kilombero lina la kusema kuliko Atlanta. Katika sehemu nyingi za Tanzania, Morogoro ikiwemo, mfu anayetembea alijulikana kabla ya flashi na kabla ya deki. Ni msukule. Kwa mujibu wa masimulizi, mtu amefariki, amezikwa, watu wametanga na matanga yameanuliwa, kumbe kilichozikwa ni mgomba tu. Mwenyewe amechukuliwa na mchawi. Amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, mchana anafichwa uvunguni au darini, usiku anapelekwa shambani kulima. Jirani ambaye mpunga wake unastawi kila mwaka bila vibarua kuonekana anaanza kusemwa pembeni. Anayeamka na mwili mzito, mabega yakiuma kama aliyekesha na jembe, husema ametumikishwa usiku.

Tofauti kati ya msukule na zombi wa Marekani ni kubwa. Msukule hali watu, na kumwogopa kwenyewe ni kidogo. Anahurumiwa. Hakuna hadithi ya msukule ambayo shujaa wake ni mtu mwenye shabaha nzuri ya kupiga kichwa. Hadithi ni ya ndugu wanaoambiwa kwamba mtu wao ameonekana mahali fulani, amechoka, kucha na nywele zimekua, na wanaanza safari ya kumrudisha. Ndiyo maana makanisa yaliyohubiri habari hii yalivuta umati. Askofu Josephat Gwajima, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kawe mwaka 2020, alijulikana nchi nzima kwa mahubiri ya kurudisha misukule, na kanisa lake likaitwa la Ufufuo na Uzima. Mtu anaweza kuyaamini hayo au asiyaamini. Mwandishi hayaamini. Lakini matumaini yaliyowapeleka watu viwanjani yalikuwa ya kweli: mtu wetu hajaisha, yuko mahali, arudishwe.

Hata kwa wanaodaiwa kuwa wachawi bonde hili lilitafuta njia isiyo ya damu. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyeanza utafiti wake Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1980, ameandika kuhusu mganga aliyejulikana kwa jina la Kalembwana, wa Ihowanja, ng'ambo ya mto Kilombero. Watu wa Kilombero na Ulanga walisafiri kwenda kwake kunyolewa. Mtuhumiwa alinyolewa nywele, akapewa dawa, na mara nyingi aliyemtuhumu akanyolewa pia. Kisha wote wakarudi kijijini kuendelea kuishi nyumba kwa nyumba. Tuhuma hizi si za kuchezea. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928 na bado wazee, hasa wanawake wa Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya jirani. Ukilinganisha na mauaji hayo, kunyoana kulikuwa hatua ya watu waliojua kwamba kesho watakutana tena kisimani.

Mtu aliyelelewa na masimulizi hayo akimwona Hershel na ghala lake, haoni ujinga. Anaona mzee aliyekataa kumzika mkewe kabla hajahakikisha. Swali la "kwa nini hawampigi risasi?" linageuka kuwa "wamempelekea nani amwangalie?" Na lile zoezi la kumtafuta Sophia, lililowachosha watu waliozoea kasi, linaeleweka kwa yeyote ambaye ukoo wake umewahi kugawana njia, huyu aende Mlimba, yule ashuke Ifakara, kuuliza habari za mtoto aliyeondoka bila kuaga.

Zombi mwenyewe, tukirudi kwenye asili yake, ni ndugu wa karibu wa msukule kuliko wa hao walaji wa Atlanta. Alizaliwa Haiti, kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa, ambako Waafrika walitumikishwa hadi mapinduzi yao yalipoleta uhuru mwaka 1804. Kilichomtisha mtumwa kilikuwa kwamba hata kifo kisingempumzisha, kwamba angeinuliwa kaburini arudi kukata miwa. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 ililijua hilo. Katika kinu cha sukari wafu wanazungusha mashine usiku, mmoja anatumbukia ndani, na wenzake hawasimami wala hawageuzi shingo. Mtu wa Kidatu anayepishana na matela ya miwa kila msimu anaielewa picha hiyo bila DJ. Aliyembadilisha zombi kuwa mlaji wa nyama ya watu ni George Romero, kwa filamu yake Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Kuanzia hapo kazi ya shamba ikasahaulika na dawa ikawa risasi.

Haiti ina kisa ambacho kingesimuliwa Mchombe usiku kucha. Clairvius Narcisse alitangazwa amekufa hospitalini tarehe 2 Mei 1962, akazikwa. Mwaka 1980 mwanamume alimwendea dada yake Narcisse sokoni na kujitambulisha kwa jina la utani la utotoni, ambalo watu wa nyumbani tu ndio waliolijua. Alieleza kwamba kaka yake alimfanya zombi kwa ugomvi wa ardhi, na kwamba alilimishwa kwenye shamba la miwa pamoja na wenzake. Mtafiti Wade Davis aliandika kitabu mwaka 1985 akidai kuna sumu inayoweza kumfanya mtu aonekane amekufa, na wanasayansi wengi wakampinga vikali. Sumu iwepo isiwepo, kiini cha kisa ni pale sokoni: jina la utoto, na dada anayemtazama mgeni.

Polepole ya hadithi hizi haiwezi kuwa ngeni kwa mkulima wa mpunga. Masuke yakianza kujaa, kazi iliyobaki si ya jembe. Ni kuamia. Kwelea kwelea wanakuja kwa makundi, na kundi likitua kwenye jaruba asubuhi, jioni kumebaki makapi. Basi familia inahamia shambani. Dungu linajengwa, kamba zinavutwa kutoka nguzo hadi nguzo, makopo yanatundikwa, watoto wanafinyanga vidonge vya udongo vya kombeo na kuvianika juani. Kuanzia kunapopambazuka hadi jua kuzama mtu anavuta kamba, anapiga kelele, anarusha, anakaa. Usiku ni zamu ya nguruwe pori, na karibu na mto, viboko. Wiki zinapita, na siku nzuri kuliko zote ni ile ambayo hakuna kilichotokea. Anayeamia hasemi anaboreka, kwa sababu anajua anachokilinda.

Hapo ndipo tofauti ya mwendo wa ubahili na mwendo wa hadithi inapopimika. Geti la filamu ya Bongo linafunguliwa taratibu na hakuna anayengojewa nyuma yake. Mama wa Sophia anasafisha gari taratibu, na kila kona yake inamngoja mtu. Kigezo hicho kinaihukumu hata The Walking Dead yenyewe, maana katika msimu huohuo yamo mabishano ya barazani ambayo yangekatwa bila hasara. Walipoyalalamikia, watazamaji walikuwa sahihi.

Mfano mwingine unafaa. Tarehe 2 Machi 2014, katika msimu wa nne, ilirushwa episodi yenye watu wawili tu, Daryl na binti wa Hershel, Beth. Hawana mpango wala hawana kundi. Beth hajawahi kuonja pombe, anataka aionje kabla dunia haijaisha kabisa, na Daryl anampeleka kwenye kibanda cha porini kulikofichwa pombe ya kupika, ile ambayo Mtanzania angeiita gongo. Wanakunywa. Mwanamume analia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mzee Hershel, aliyekwisha kuuawa. Mwishowe wanamwaga pombe iliyobaki kwenye kuta, wanawasha moto kwa noti za dola ambazo hazinunui tena kitu, nyumba inaungua, nao wanaondoka. Watazamaji waligawanyika vikali. Kuna walioiita upotevu wa wiki nzima na walioiita bora ya msimu. Yeyote aliyewahi kukaa na mfiwa, usiku ule wageni wamekwisha kuondoka na wamebaki wawili na chupa, anajua upande wa kusimama.

Tamthilia nyingine ya aina hii, The Last of Us, ilipita njia hiyohiyo tarehe 29 Januari 2023, kwa episodi yake ya tatu. Iliwaacha mashujaa pembeni na kusimulia miaka mingi ya wanaume wawili wapendanao wanaozeeka nyuma ya uzio wao. Wengine walikasirishwa na uhusiano huo, wengine na ukosefu wa mapigano, na wengine wakasema hawajaona kipande bora kuliko hicho. Nick Offerman, aliyeigiza mmoja wao, alipata tuzo ya Emmy. Wakorea wao walichagua kasi: wafu wa filamu ya Train to Busan ya mwaka 2016 wanakimbia, treni inakimbia, na vijana wa Afrika Mashariki waliipenda kwa sababu hiyo. Lakini hata humo kinachokumbukwa ni baba na binti yake, na wimbo anaouimba mtoto gizani mwishoni.

Afrika haikosi mifano yake. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu ya kutisha iliyochota kwenye masimulizi ya Wanyakyusa kuhusu aliyetoka kwa wafu, na baadaye akatoa Shumileta. Mfaransa mwenye asili ya Senegal, Mati Diop, alishinda Grand Prix ya tamasha la Cannes mwaka 2019 kwa Atlantics. Vijana waliojenga ghorofa Dakar bila kulipwa wanazama baharini wakielekea Hispania, kisha usiku wanarudi ndani ya miili ya wasichana wa mtaani na kwenda kumdai tajiri mishahara yao. Hakuna mtu anayekimbizwa. Wanakaa sebuleni kwake, wanamtazama, wanataja deni. Filamu hiyo inakwenda taratibu mno na inatisha mno, na ndani yake yumo msukule mtupu: kibarua aliyekufa bila kulipwa.

Morogoro ina waigizaji, ina kamera za bei nafuu, ina vijana wanaojua kuhariri picha kwenye kompyuta ndogo, na ina bonde lenye mito, reli ya TAZARA, safu ya Udzungwa na mashamba yasiyoisha. Msukule ameshaigizwa mara nyingi kama kituko, kwa unga usoni na vicheko vya mchawi. Wanaotaka kumwigiza tena waanze na familia iliyomzika, waiache ikae mezani, wamwonyeshe mama anayeendelea kupakua sahani moja ya ziada. Na wenzetu ma-DJ, ambao bonde hili limewasikiliza miaka yote hii kwa mapenzi, wanaombwa jambo dogo: mlango wa ghala ukifunguliwa na wa mwisho akitoka, wazime maiki kwa dakika moja. Watu wa benchi la nyuma wataelewa kwamba spika ni nzima.